Mpaka Jaribio Litii

Kisa cha Erasto Mpemba husimuliwa kama kisa cha ushindi: kijana wa Tanganyika aliyetengeneza askrimu shuleni, akauliza swali, na jina lake likaingia katika fizikia ya dunia nzima. Ni kweli, na tuna haki ya kujivuna. Lakini ndani ya kisa hicho wamo watu watatu ambao hakuna anayejivunia kuwa wa ukoo wao: mwalimu wa kwanza, mwalimu wa pili, na fundi wa maabara. Mwalimu wa sayansi mwenye nia ya kujifunza kitu amwache Mpemba kando kwa muda, awatazame hao.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, milima ya Usambara. Wanafunzi walikuwa na mazoea ya kutengeneza askrimu wenyewe. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo na wagombeaji wengi. Siku moja mwenzake mmoja, kwa kuhofia kukosa nafasi, alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha akayatia ndani. Mpemba ndiyo kwanza alikuwa ameepua yake. Akaona akisubiri yapoe atakuta pamejaa, basi akayaingiza yakiwa moto vilevile, na friza iharibike kama itaharibika. Baada ya kama saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajashika.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia ilikuwaje. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, kitu hicho hakiwezekani. Mpemba akaikubali kauli hiyo, kama mwanafunzi yeyote wa wakati ule angeikubali, na wengi wa wakati huu.

Tusimhukumu haraka mwalimu huyo, kwa sababu hesabu yake haikuwa na kasoro. Kanuni ya Newton ya kupoa inasema kwamba kitu hupoteza joto kwa kasi inayolingana na tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Maji yenye nyuzi 100 yataanza kupoa kwa kasi kubwa, sawa. Lakini kabla hayajaganda ni lazima yapite kwenye nyuzi 35, na yakifika hapo yatakuwa kama yale yaliyoanza na nyuzi 35, ambayo wakati huo yamekwisha kutangulia mbele. Anayefuata nyuma njia ileile, kwa mwendo uleule, hawezi kumpita aliyetangulia. Mwalimu yeyote mwenye chaki mkononi angechora mistari miwili ya kupoa ubaoni na kuonyesha kwamba haikutani.

Ila kanuni hiyo ina dhana moja imejificha ndani yake. Inachukulia kwamba ukishajua joto la maji umejua kila kitu kuyahusu. Maji yaliyomo kwenye kikombe si hivyo. Yaliyochemshwa yamepoteza sehemu ya hewa iliyoyeyuka ndani yake. Yanayofuka mvuke yanapungua ujazo. Ndani yake kuna mzunguko, ya moto yakipanda na ya baridi yakishuka, kwa hiyo juu na chini hapana joto moja. Kikombe cha moto kikiwekwa juu ya utando wa barafu ndani ya friza huuyeyusha, kikakaa barabara kwenye bamba la chuma linalopoza, wakati kile cha baridi kimebaki juu ya utando, na utando wa barafu huzuia joto kupita. Maji mawili yenye nyuzi 35 yanaweza kuwa si maji ya namna moja, kwa sababu moja yamefika hapo yakitoka mbali. Hapo ndipo mwalimu wa Magamba alipopoteza kipindi kizuri kuliko vyote alivyowahi kupata mwaka ule. Angeweza kumwambia kijana kwamba kwa kanuni hii haiwezekani, na wewe umeona imewezekana, basi ama umeona vibaya, ama kanuni ina sharti ambalo friza haikulitimiza, twende tukatazame. Kusema hivyo kunachukua nusu dakika.

Likizo ilipofika, Mpemba alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza askrimu mjini Tanga. Huyo alimwambia kwamba wao huyatia maziwa kwenye friza yakiwa bado ya moto, ili yagande upesi. Huenda hakuna aliyekuwa amemfundisha kanuni ya Newton, na labda hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake. Biashara ya askrimu ya Tanga ilikuwa na jambo ambalo maabara ya shule haikuwa nalo: mtu ambaye asipoona kinachotokea kweli, anapata hasara.

Na halikuwa jambo jipya hata hivyo. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla, Aristotle aliandika kwamba watu wa Ponto, kwenye Bahari Nyeusi, walipopiga kambi juu ya barafu ili wavue samaki, walimwagia maji ya moto kwenye matete yao ili yagande haraka zaidi. Francis Bacon na Descartes nao waligusia jambo la namna hiyo katika karne ya 17. Silalamiki kwamba mwalimu wa Lushoto hakuwa amemsoma Aristotle. Ninachosema ni kwamba neno "haiwezekani" ni zito sana kwa mtu ambaye hajafungua friza.

Baada ya kidato cha nne Mpemba alichaguliwa kwenda Shule ya Mkwawa, Iringa. Mada ya kwanza ya fizikia ilikuwa joto. Kanuni ya Newton ilipofika ubaoni, aliuliza tena. Mwalimu wa pili naye akasema amechanganyikiwa. Mpemba safari hii hakunyamaza, akashikilia. Hapo mwalimu akatoa jibu lililokuja kujulikana kuliko masomo yake yote: akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo kila Mpemba alipokosea hesabu, mathalani kusoma vibaya jedwali la logarithimu, aliambiwa kwamba hiyo ni hisabati ya Mpemba, na wanafunzi wenzake wakaudaka utani huo wakawa wanamtupia kwa kila kosa.

Huyu wa pili ana kosa zito kuliko wa kwanza. Wa kwanza alifunga mlango wa swali moja. Wa pili aliwapa wanafunzi wote chombo cha kufungia maswali ya wenzao, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kusema kitu, darasa lilijilinda lenyewe. Mwalimu anayesikia kicheko mtoto anapouliza, akatabasamu kidogo kwa sababu na yeye limemchekesha, ameshafundisha somo ambalo halimo kwenye muhtasari na ambalo halitasahaulika. Ukitaka kujua kama darasa lako limefika huko, hesabu maswali wanayokuuliza nje, kwenye korido, baada ya kengele. Yakiwa mengi kuliko ya ndani, kuna kitu ndani kinachotisha.

Sitaki kuipita Mkwawa bila kusema kwamba majengo hayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu mwaka 2005. Walimu wa sayansi wanafundwa mahali palepale.

Mpemba alifanya alichoweza. Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi na hamna mwalimu. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akazitia kwenye sehemu ya kugandisha ya jokofu la maabara. Alipozirudia baada ya saa moja, si maji yote yaliyokuwa yameganda, lakini ile ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi. Hebu tulitazame jambo hilo jinsi lilivyo: mwanafunzi mwenye swali la fizikia analazimika kunyemelea maabara ya biolojia mwalimu akiwa hayupo, ili afanye sayansi.

Kisha shule ikapata mgeni, Dk. Denis Osborne, mwanafizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Alizungumza, kisha akakaribisha maswali. Mpemba akasimama. Alieleza vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote ndani ya friza, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Osborne alitabasamu, akaomba swali lirudiwe, akauliza kama ni kweli na kama kijana mwenyewe amelijaribu. Akajibiwa ndiyo. Akasema hajui, lakini akaahidi kulijaribu akirudi Dar es Salaam. Wenzake Mpemba baadaye walimwambia kwamba amewaaibisha mbele ya mgeni.

Maneno aliyoyatumia Osborne ni machache na kila mwalimu anayaweza: rudia swali, umejaribu mwenyewe, sijui, nitajaribu. La tatu ndilo linalotushinda. Tumelelewa kuamini kwamba mwalimu akisema hajui, heshima yake inaanguka chini mbele ya darasa. Heshima ya Osborne haikuanguka. Tena, tusimfanye malaika: yeye mwenyewe alidhani kijana amekosea. Alichofanya ni kutoiruhusu dhana yake ikae kwenye kiti cha jaribio.

Sasa ndipo anapoingia yule wa tatu, ninayemwona mwenye funzo kubwa kuliko wote. Osborne alimpa fundi wa maabara yake kazi ya kufanya jaribio hilo. Fundi akafanya, akaleta taarifa kwamba maji yaliyoanza yakiwa moto ndiyo yaliyotangulia kuganda. Kisha, kwa moyo safi na bidii ya kazi, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka walipate jibu lililo sahihi.

Fundi huyu hakumcheka mtu. Hakuwa mvivu. Vifaa alikuwa navyo, friza anayo, kipimajoto anacho, muda anao. Alipima vizuri na akasema kweli alichokiona. Na bado, jaribio lilipomwambia kitu, yeye aliona kwamba jaribio ndilo lililokosea, na dawa yake ni kulirudia mpaka litii. Tunapolalamika kwamba sayansi katika shule zetu inakufa kwa kukosa maabara, na tunalalamika kwa haki, tumkumbuke mtu huyu aliyekuwa na maabara.

Ukoo wake ni mkubwa, nao haujapungua. Ingia kwenye chumba cha mtihani wa vitendo wa fizikia. Swali ni la pendulamu: funga jiwe dogo kwa uzi, badilisha urefu wa uzi, pima muda wa mizunguko 20, chora grafu ya mraba wa muda wa mzunguko mmoja dhidi ya urefu, tafuta mteremko, kokotoa mvuto wa dunia. Kila mtahiniwa anajua kabla hajagusa uzi kwamba jibu linatakiwa liwe karibu na 9.8. Wenye haraka huanzia hapo. Wanajua kwamba uzi wa mita moja hutoa karibu sekunde mbili kwa mzunguko, sekunde 40 kwa mizunguko 20, basi wanarudi kinyumenyume, wanajaza jedwali, wanapanga nukta kwenye mstari ulionyooka kama rula. Wanafunzi wenyewe hawana haya na neno la kazi hiyo, wanasema wamepika. Na mpishi hupata alama nzuri kuliko yule aliyepima kweli akapata 9.3 kwa sababu alilibembeza jiwe kwa pembe pana mno badala ya ndogo. Huyu wa 9.3 amegusa dunia. Kosa lake lina sababu, sababu inapatikana, na akiipata atakuwa amejua kitu kuhusu pendulamu ambacho mpishi hatakijua kamwe. Lakini sisi tunamkata alama, na mwaka unaofuata wadogo zake wanajifunza kupika mapema.

Kuna jaribio jingine ambalo limepikwa muda mrefu hadi limekuwa chakula cha kawaida. Mshumaa unasimamishwa kwenye sahani yenye maji, unawashwa, unafunikwa kwa gilasi. Mwali unazimika, maji yanapanda ndani ya gilasi. Mwalimu anaonyesha kwa kidole: yamepanda karibu moja ya tano, kwa hiyo oksijeni ni moja ya tano ya hewa, imetumika yote, maji yamechukua nafasi yake. Jibu la mwisho ni kweli, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Njia ya kulifikia ni ya uongo. Mshumaa huzimika oksijeni ikiwa bado nyingi imebaki ndani. Ule mwako wenyewe unatoa kabonidayoksaidi na mvuke. Kinachovuta maji ni hewa iliyotanuka kwa moto, ikatoka pembeni ikibubujika, kisha iliyobaki ikapoa na kusinyaa. Ukitazama kwa makini utaona kwamba maji hupanda zaidi baada ya mwali kuzimika, wakati ambapo, kwa maelezo ya mwalimu, yangekuwa yamekwisha kupanda. Chukua gilasi ileile, weka mishumaa mitatu badala ya mmoja. Maji yatapanda zaidi. Je, hewa ya gilasi imeongezewa oksijeni kwa heshima ya mishumaa?

Hilo la mishumaa mitatu lingefaa kuwa somo lenyewe. Anza na mmoja, waache wanafunzi watoe maelezo, na bila shaka yupo atakayesema oksijeni imeisha. Mpongeze, kisha waulize wote waandike watakachokiona mishumaa ikiwa mitatu. Wakishaandika, washa. Atakayetaka kuipata ile moja ya tano kwa njia ya haki achukue stilwaya ya kusugulia masufuria, ailoweshe siki kidogo ili kuondoa mafuta, aisukumie chini ndani ya chupa, aipindue chupa kwenye beseni la maji, aiache ipate kutu kwa siku kadhaa. Kutu hula oksijeni polepole bila moto. Hapo maji yakipanda moja ya tano yanasema kweli.

Turudi kwa Mpemba. Jaribio la Dar es Salaam halikutii, na kwa bahati njema Osborne hakulilazimisha. Aliwapa wanafunzi wake walifanye kwa utaratibu: bika zikae juu ya kipande cha povu gumu la plastiki ili zisigusane na bamba la friza, maji yote yawe yamechemshwa karibuni ili hewa iliyoyeyuka isiwe kisingizio. Utando wa mafuta ulipowekwa juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, dalili kwamba joto jingi lilikuwa likitokea juu. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika pamoja makala katika jarida la Physics Education, na Osborne akatumia nafasi hiyo kuonya juu ya fizikia inayofundishwa kwa amri. Wakati huo Mpemba alikuwa kwenye Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, chini ya Kilimanjaro. Maisha yake ya kazi yalikwenda kwenye wanyamapori. Mwaka huohuo, bila kujua habari za Mpemba, George Kell wa Canada naye alichapisha makala juu ya jambo hilohilo katika jarida la Marekani.

Kama kisa kingeishia hapo, walimu tungekuwa tumepata jibu jipya la kukaririsha: maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, andikeni. Na ndivyo inavyofanyika. Nimeona Mpemba akifundishwa hivyohivyo, kwa chaki, bila friza, kama kanuni nyingine ya kukariri, na swali la mtihani likitaka sababu nne. Huo ni ukatili wa namna yake. Kijana aliyedhihakiwa kwa kuuliza amegeuzwa jibu la kunyamazisha wengine.

Ukweli wa sasa haujatulia. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la maelezo bora ya jambo hili, na zaidi ya watu 22,000 walijibu. Zawadi ikaenda kwa Nikola Bregović wa Zagreb, ambaye hakudai kuwa amelimaliza. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wakachapisha utafiti wakisema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa na kufika nyuzi sifuri mapema zaidi, na kwamba kuhamisha kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kuleta dalili za uongo. Wengine wakawajibu kwamba kufika sifuri si kuganda, kwani maji yanaweza kushuka chini ya sifuri yakabaki maji. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Canada, wakaonyesha athari ya namna hiyo waziwazi, lakini kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, chini ya udhibiti mkali, si kwa kikombe cha maziwa. Yaani miaka zaidi ya hamsini baadaye, swali la mtoto wa kidato cha tatu bado linalipiwa fedha za utafiti. Mwalimu gani hataki swali kama hilo darasani? Halina jibu nyuma ya kitabu, kwa hiyo hakuna wa kupika.

Linafundishika hata pasipo maabara. Friza ipo jikoni mwa shule, au zahanati ya jirani, na isipokuwepo huko ipo kwa mama anayeuza barafu za ubuyu mtaani, ambaye asaidiwe gharama ya umeme na aombwe kwanza maoni yake, kwa sababu huenda anajua kitu, kama yule wa Tanga. Vikombe viwe vya bati au plastiki ngumu vinavyofanana. Gilasi ya moto ikiingia kwenye baridi inaweza kupasuka. Maji ya moto ayamimine mwalimu mwenyewe, na ujazo upimwe baada ya kuchemsha, si kabla, la sivyo utakuwa umelinganisha kikombe kilichojaa na kilichopungua.

Lakini kabla ya maji kugusa moto, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari, kwa kalamu, anavyodhani itakuwa na kwa nini. Kwa kalamu, kwa sababu penseli hufutika na utabiri uliofutwa ni mwanzo wa mapishi. Kisha darasa ligombane juu ya jambo moja ambalo litawashangaza kwa ugumu wake: kuganda ni nini? Ni kuonekana kwa chembe ya kwanza ya barafu? Ni juu kushika ukigusa kwa kijiti? Ni kikombe kizima kuwa jiwe hadi chini? Mpemba na mwenzake hawakuwa wameafikiana, na wanasayansi wa 2016 na wakosoaji wao hawakuafikiana pia. Kipindi kizima kikiishia kwenye ugomvi huo bila kuchemsha maji, hakikupotea. Watoto 80 wanaobishana juu ya maana ya kipimo wamefika mahali ambapo vidato vinne vya kunakili havingewafikisha.

Wakishakubaliana, wagawanywe makundi, na kila kundi liamue kubadilisha kitu kimoja tu. Hawa waweke kadibodi chini ya vikombe, wale waviweke moja kwa moja juu ya bamba lenye utando. Hawa wafunike, wale waache wazi. Kundi moja litumie maji yaliyochemshwa kisha yakapozwa, yashindane na ya bomba yenye joto lilelile. Hilo linauliza kama kuchemshwa peke yake kuna athari. Friza ifunguliwe kwa saa maalumu tu, la sivyo kila mtoto atataka kuchungulia na mtakuwa mnapoza chumba. Umeme ukikatika, na utakatika, iandikwe saa ulipokatika na ulipowaka, msijifanye haukukatika.

Matokeo yote yaende ubaoni, yenye majina ya makundi, yale ya moto kwanza na yale ya baridi kwanza. Hapa mwalimu atajisikia akivutwa. Kundi moja litaleta jambo lisilofanana na mengine, na ulimi utataka kusema rudieni. Kurudia si dhambi. Bila kurudia hakuna sayansi. Dhambi ni kuwarudisha hao peke yao. Ukimrudisha aliyepata usichokitarajia, mrudishe na aliyepata ulichokitarajia, kwa idadi ileile, na kwa uso uleule, kwa sababu wanafunzi husoma uso wa mwalimu kuliko ubao. Alama zitolewe kwa utabiri ulioachwa bila kufutwa, kwa jedwali lenye namba zote pamoja na zile zinazotia aibu, na kwa sababu iliyotafutwa na kujaribiwa. Tarakimu ya mwisho isipewe alama hata moja. Mkaguzi akiuliza kipindi hicho ni cha mada gani, kanuni ya kupoa imo kwenye muhtasari tangu zamani, na ataikuta darasani ikifanyiwa kazi.

Wiki inayofuata makundi yabadilishane mahali: aliyekuwa kushoto kwenye friza aende kulia, wa juu ashuke chini, na waliotumia friza ya jikoni waende kwa mama wa barafu. Inawezekana kabisa ushindi ukahama pamoja na mahali, maji ya moto yakashinda upande mmoja na kushindwa upande wa pili. Hapo mtakuwa mmeipima friza badala ya maji, na hilo liandikwe ubaoni kama matokeo mengine yote. Mama wa barafu arudishiwe vikombe vyake, na aelezwe kilichopatikana, kwani friza ni yake.